Mama Panya na Cherehani ya Wifi Yangu

Naomba niwaeleze habari ya cherehani iliyokaa sebuleni kwangu kwa miaka 13, na habari ya panya. Najua mambo haya mawili hayaonekani kuwa na undugu. Hata mimi sikuuona undugu wake mpaka jioni moja mwaka 2024, tukiwa jikoni tunachagua mchele.

Cherehani yenyewe ni ya kukanyaga kwa miguu, nyeusi, yenye maua ya rangi ya dhahabu ambayo sasa yamefifia. Ilikuwa mali ya wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu. Kaka alikuwa utingo wa lori, akafariki ajalini mwezi wa Juni 2011. Wifi alikuwa na mimba ya miezi saba. Siku ya tatu baada ya mazishi kikao cha ukoo kilikaa, na kabla ya jua kuzama vitu vyote vilikuwa vimegawanywa. Kitanda na godoro vilikwenda kwa baba mdogo. Baiskeli, redio na kabati vilipata wenyewe. Mimi nikapewa cherehani.

Sikuiomba. Lakini sikuikataa pia, na hilo ndilo ninalotaka lijulikane. Nilikuwa muuguzi mwenye stashahada, nina mshahara, nina mume, na nilikuwa nafundisha watoto shule ya Jumapili. Nilijiambia kwamba nikikataa itachukuliwa na mwingine tu. Wifi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mkono mmoja kiunoni kama wanavyosimama wajawazito, akatuangalia tukiibeba. Hakulia. Aliniambia tu, "Wifi, sindano zake ziko kwenye kopo la majani ya chai."

Akarudi kwao Kilosa. Mtoto akazaliwa mwezi wa Agosti, wa kiume, akapewa jina la marehemu baba yangu mzazi, ndiyo maana nyumbani tunamwita Babu. Kusema kweli, kwa miaka mitano nilimwona mtoto huyo mara mbili.

Mwezi wa Januari 2016 wifi alimleta mwenyewe kwangu hapa Morogoro mjini. Alikuwa amekonda sana. Aliniambia, "Wifi, nimeshindwa. Msomeshe huyu ni damu yenu." Alilala usiku mmoja, asubuhi akapanda basi. Na mimi nikasema moyoni, kisha nikasema kwa mdomo mbele ya mume wangu: mama gani huyu anayemtoa mtoto wake?

Babu alikuwa na miaka minne na nusu. Alikuwa mtoto wa kuangalia mlango. Mtu akiingia, hata awe binti yangu anayetoka uani na ndoo, yeye aliruka. Ukimpa ugali alikula nusu, nusu akaificha ndani ya shati, na tuliukuta mkavu chini ya mto wake. Wenzake wakimgusa kwa mchezo alipiga, na akipiga hakujua kuacha. Shule ya Jumapili alimng'ata mtoto wa mzee wa kanisa mpaka damu ikatoka. Kuna usiku niliamka kwenda msalani nikamkuta ameketi gizani karibu na mlango, amevaa viatu. Nilimwuliza anakwenda wapi. Akasema, "Siendi popote, shangazi."

Mimi nilimchapa. Nilimchapa kwa kuiba mkate, nikamchapa kwa kung'ata, nikamchapa kwa kuchafua kitanda. Nilimwambia mume wangu kwamba hii siyo damu ya kwetu, ni damu ya kwao. Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Alisema, "Damu haifichi ugali chini ya mto." Sikumwelewa, nikadhani ananitania.

Sasa niwaeleze habari ya panya.

Sisi watu wa Morogoro hatuoni ajabu kuzungumza juu ya panya. Hapa kwetu, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa, alipewa nishani ya dhahabu huko Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake ya kugundua mabomu nchini Kambodia. Panya hawa hawaanzi na darasa la kunusa. Kwanza wakiwa wadogo huzoeshwa watu, sauti na kushikwashikwa, ndipo mafunzo yaanze. Lakini panya waliobadilisha nyumba yangu si hao. Ni panya wa kawaida wa maabara, wa Marekani na Kanada.

Binti yangu yupo chuo, anasoma mambo ya wanyama. Jioni hiyo ya mwaka 2024 alikuwa likizo. Mimi nachagua mchele, yeye anasoma kwenye simu. Mara akasema, "Mama, sikiliza hii." Akaanza kunitafsiria. Nilisikiliza kwa sikio moja, baadaye kwa mawili, mwisho nikaacha mchele. Siku zilizofuata nilimwomba anipatie makala zenyewe, nikazisoma na kamusi pembeni. Palipokuwa pagumu nilimwuliza daktari wa watoto tunayefanya naye kazi. Haya ninayowaeleza ndiyo niliyoyaelewa.

Zamani watu waliamini kwamba ubongo ukishaumbwa umeumbwa. Katika miaka ya 1960, pale Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, Mark Rosenzweig, David Krech, Edward Bennett na Marian Diamond waliweka panya wengine katika vizimba vikubwa wakiwa wengi pamoja, wakawapa vitu vya kupanda, vya kusukuma na vya kuchezea, na kuvibadilisha mara kwa mara. Wengine waliwekwa kila mmoja peke yake katika kizimba kitupu. Chakula na maji havikuwa na upungufu kwa yeyote. Baadaye walipopima bongo zao, wale wa vizimba vyenye shughuli walikuwa na gamba la ubongo zito na nene zaidi. Hata kemikali zilitofautiana, kwa mfano kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, dutu ambayo chembe za neva huitumia kupelekeana habari. Makazi yalikuwa yameingia ndani ya kichwa.

Lakini jambo lililonigusa zaidi ni la mama panya na wanawe.

Mtoto wa panya huzaliwa hana manyoya, macho yamefumba, wala hawezi hata kukojoa bila mama yake kumlamba. Akina mama, hebu fikirini hilo. Kwa panya, kulamba ndiko kuogesha, ndiko kubembeleza, ndiko na kumwezesha mtoto kupata haja. Mwaka 1957 mtafiti Seymour Levine aliandika juu ya jambo la ajabu. Watoto wa panya waliotolewa kiotani kila siku kwa dakika chache na kurudishwa walikua wakawa watulivu kuliko wale ambao hawakuguswa. Kumsumbua mtoto kumtulize? Ilichukua miaka mingi kupata maelezo yenye nguvu. Mtoto akirudishwa, mama humpokea kwa kumlamba sana. Kilichomjenga kinaonekana kuwa ni yale mapokezi.

Michael Meaney na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, ndio waliolifuatilia hilo kwa bidii. Waliketi wakiangalia vizimba saa nyingi za mchana na usiku katika siku kumi za kwanza za kunyonyesha, wakihesabu nani analamba na nani halambi. Waligundua kwamba hata bila kusumbuliwa na mtu, akina mama panya hawalingani. Wapo wanaolamba sana na wapo wanaolamba kidogo. Wote wananyonyesha. Huwezi kusema huyu anamtupa mwanawe. Lakini mwaka 1997 walitangaza kwamba watoto wa wale wanaolamba sana, wakiwa wakubwa, walitishika kidogo, na walipotishika walitulia upesi. Watoto wa wale wengine walitishika sana na hofu iliwakaa mwilini muda mrefu.

Hapa nitasema kidogo kama muuguzi, mnivumilie. Kiumbe akiona hatari, ubongo hutuma habari mpaka kwenye tezi za adrenali zilizo juu ya figo, nazo humwaga homoni ya hatari kwenye damu. Kwa binadamu ni kotisoli, kwa panya ni kotikosteroni. Moyo unakwenda mbio, sukari inapanda, macho yanatoka. Ni jambo jema ukikimbizwa na mbwa. Kisha homoni hiyo hurudi kwenye ubongo, ikanaswa na vipokezi vyake, na sehemu iitwayo hipokampasi ni mojawapo ya zile zinazosaidia kutoa amri: basi, yatosha. Wenye tangi la maji nyumbani wanajua boya. Maji yakijaa, boya linapanda na kufunga bomba. Panya waliolambwa sana walikuwa na vipokezi vingi kwenye hipokampasi, boya lao lilifunga mapema. Waliolambwa kidogo walikuwa na vipokezi vichache, na maji yaliendelea kumwagika.

Nikamkumbuka Babu mlangoni na viatu vyake.

Nikamwuliza binti yangu swali ambalo kila shangazi angeuliza. Je, si damu tu? Mama mwoga kazaa mwoga? Akacheka, akasema hilo walilijaribu. Mwaka 1999 kundi hilo la McGill lilieleza jinsi walivyobadilishana watoto mara tu baada ya kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa na mama asiyelamba sana akalelewa na mama mlambaji, na wengine kinyume chake. Wakubwa walipopimwa, walifanana na mama aliyewalea, siyo aliyewazaa. Si hivyo tu. Watoto wa kike waliolelewa na mlambaji, walipozaa nao, walilamba sana. Ilikuwa inarithiwa, lakini haikurithiwa kwa damu. Mwaka 2004 Ian Weaver, Moshe Szyf, Meaney na wengine walionyesha pahali penyewe. Juu ya jeni ya kile kipokezi hubandikwa alama ndogo za kikemikali ziitwazo methili, ambazo huifanya jeni isisomeke vizuri. Wale waliolambwa walikuwa na alama chache mahali pale, na tofauti hiyo ilijitokeza ndani ya wiki ya kwanza ya maisha. Jeni ni ileile, ila kwa mmoja imefunguliwa na kwa mwingine imefungwafungwa.

Nilikaa kimya. Miaka minane nilikuwa nimesema ni damu ya kwao.

Mngefikiri hapo ndipo niliposhtuka, lakini sivyo. Hapo nilikuwa bado na mtu wa kumlaumu, tena nikiwa na ushahidi wa kisayansi mkononi. Nilimwambia binti yangu, "Umeona sasa? Mama yake hakumlamba." Nilisema hivyo kabisa. Binti yangu akaniangalia, akasema, "Mama, sijamaliza."

Akaniambia kwamba Frances Champagne na Meaney, mwaka 2006, waliandika juu ya panya wanaojulikana kuwa walambaji wazuri. Waliwasumbua katika siku za mwisho za mimba, wakawafungia mahali pembamba kwa muda kila siku. Walipozaa, wale walambaji wazuri walilamba kidogo, sawasawa na wale ambao hawakuwa walambaji tangu mwanzo. Hata walipopata mimba nyingine ambayo haikusumbuliwa, ulambaji haukurudi.

Kisha akanieleza kazi ya daktari wa watoto Tallie Baram na wenzake katika Chuo Kikuu cha California kule Irvine. Wao hawakumtenganisha mama na wanawe hata kidogo. Walichukua kizimba ambacho kwa kawaida huwekwa maranda mengi ya kujengea kiota, wakaweka wavu sakafuni, na kwa ajili ya kiota wakampa mama nusu ya karatasi ya kufutia mikono. Basi. Chakula kipo, maji yapo. Lakini kwa wiki moja, tangu watoto wakiwa na siku mbili, mama yule hana cha kujengea.

Akawa hatulii. Anaingia kiotani, anatoka, anaanza kulamba, anaacha, anahangaika, anarudi. Waliojumlisha dakika waliona kwamba si kwamba amewapa watoto muda mdogo sana kuliko wengine. Tofauti ni kwamba malezi yake yalikuwa vipandevipande, mtoto hawezi kujua kitakachofuata. Na watoto wale walipokua walikuwa na shida ya kumbukumbu, na hata maji ya sukari, ambayo panya huyapenda sana, hayakuwafurahisha kama yalivyowafurahisha wenzao.

Nikainua macho. Kutoka jikoni kwangu unaona sebule. Cherehani ilikuwa pale, imefunikwa kitambaa nilichokifuma mwenyewe, juu yake nimeweka chombo cha maua.

Mimi na ukoo wangu tulichukua maranda. Tulimchukulia mjamzito wa miezi saba kitanda, godoro na chombo cha kumpatia riziki, tukamwacha na mkeka. Baadaye nilikuja kujua jinsi alivyoishi. Alifanya kibarua mashambani, akauza maandazi, akahama vyumba vinne. Mtoto alimwacha leo kwa jirani huyu, kesho kwa yule, akarudi mbio kumnyonyesha, akatoka mbio. Hakumtupa mwanawe hata siku moja. Alikuwa anaingia na kutoka kiotani. Na sisi tuliolichukua godoro ndio tuliouliza ni mama wa namna gani.

Naomba hapa nisimame kidogo, maana najua barua zitakuja. Kuna mama atasoma haya akiwa anafanya kazi zamu ya usiku kama mimi, aanze kulia kwamba amemharibu mwanawe kwa kumwacha na dada wa kazi. Hapana. Ni kweli wapo panya waliotenganishwa na mama yao saa tatu kila siku na wakapata madhara. Lakini saa tatu za mtoto wa panya, ambaye ananyonya wiki tatu tu hivi, si saa tatu za mtoto wako. Isitoshe mtoto wako ameachwa na mtu anayembeba na kumwimbia. Panya hana bibi. Kwa binadamu utafiti ni mgumu zaidi. Mwaka 2009 Patrick McGowan na wenzake wa McGill walitazama bongo 36 za watu waliokufa, baadhi yao wakiwa wamejiua, na wale waliokuwa wameteswa utotoni walionekana na alama za methili zinazofanana na zile za panya, kwenye jeni ya kipokezi hichohicho. Ni watu 36 tu, na ni watu walioteswa. Mtu asichukue habari hiyo akampimia mama aliyechelewa kurudi kutoka sokoni.

Lipo jambo jingine ambalo daktari wetu alinieleza, nami nalipenda. Wapo watafiti wanaosema tusimwite panya yule mwenye hofu kuwa ameharibika. Kama amezaliwa mahali penye paka wengi, hofu yake inaweza kuwa ndiyo inayomwokoa. Mama aliyesumbuka anampa mwanawe habari za dunia anayoiendea. Babu alikuwa mtoto aliyejiandaa. Alivaa viatu kwa sababu maisha yake yote watu walikuwa wakihama usiku. Alificha ugali kwa sababu kesho haukuwepo. Ni mimi niliyemchapa kwa kuwa na akili.

Kama Babu angekuwa vile hadi leo, nisingekuwa na nguvu ya kuandika. Lakini alikwisha kubadilika kabla sijasikia lolote juu ya panya, na nilikuwa nimejipongeza kwamba ni fimbo yangu. Sasa nikakaa nikakumbuka vizuri. Fimbo niliiacha mwaka 2018, siyo kwa hekima bali kwa kuchoka, na kwa sababu mume wangu aliivunja. Tangu mwaka huo mume wangu alianza kwenda naye kwa fundi baiskeli wa mtaani kwetu kila Jumamosi. Mzee yule alimpa spana, akampa magurudumu ya kunyoosha. Kanisani kiongozi wa kwaya alimpa ngoma. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutibiwa akakaa kwetu miaka miwili, alikuwa na desturi ya kumsugua mgongo kwa mafuta ya nazi kila usiku huku akimsimulia hadithi za sungura na fisi. Mimi nilikuwa nalalamika kwamba mafuta yanachafua mashuka! Haikupita mwaka mtoto akaanza kulala mpaka asubuhi.

Hilo nalo limo katika habari za panya. Mwaka 2002 Darlene Francis, Meaney na wenzao waliwachukua panya waliotenganishwa na mama zao utotoni, wakawaweka tangu kuachishwa ziwa hadi kukaribia utu uzima katika makazi yenye wenzao wengi na vitu vya kufanya. Walipopimwa, hofu yao ilikuwa kama ya wale waliolelewa vizuri, na homoni ya hatari vilevile. Lakini walipochungulia ubongoni, baadhi ya alama za mwanzo zilikuwa bado zipo. Ubongo haukuwa umefuta kilichotokea, ulikuwa umetafuta njia nyingine ya kuzunguka. Nalisema kwa sababu ndivyo ninavyomwona Babu. Sasa ana darasa lake, ana marafiki, anacheka kwa sauti. Lakini mlango ukijipiga kwa upepo bado anaruka, halafu anacheka mwenyewe na kusema, "Ni upepo, shangazi," kama vile mimi ndiye niliyeogopa.

Baada ya siku zile nilimwambia mume wangu kwamba nataka kuirudisha cherehani. Akauliza, "Leo au kesho?" Hakuniuliza kwa nini.

Tulikwenda Kilosa mwezi wa Desemba 2024, shule zilipofungwa, mimi na Babu. Kondakta alitulipisha kama abiria watatu kwa sababu ya mzigo. Njiani Babu alinyamaza sana. Tulipokaribia aliniuliza, "Hii ilikuwa ya mama?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza, "Mlimnyang'anya?" Nilitaka kumwambia kwamba ukoo uliamua, kwamba zamani ilikuwa desturi, kwamba mimi sikuomba. Nikasema, "Ndiyo, baba. Tulimnyang'anya, na mimi nilikuwemo."

Wifi alitukuta uani. Alimkumbatia mwanawe kwanza, muda mrefu, akamshika kichwa akakigeuza huku na huku kama anayekagua nazi. Mimi nilikuwa nimejiandalia maneno. Nilikuwa nimeyasema kwenye basi zima kimoyomoyo, hata habari za panya nilitaka kumweleza. Nilipiga magoti pale kwenye mchanga nikasema, "Wifi, nimekuja kuomba radhi. Nilichukua kitu chako ukiwa na mimba, halafu nikakusema kwa watu." Mengine yote yalinipotea.

Hakuniambia amenisamehe. Nataka niwe mkweli kwenu, mpaka leo hajalitamka neno hilo, na simdai. Aliniambia niinuke, nitachafua kitenge. Akaiendea cherehani, akavuta kitambaa, akazungusha gurudumu kwa mkono mara mbili, akaweka sikio karibu.

"Mkanda umelegea," akasema. "Ulikuwa huitii mafuta?"

"Sikuwa naishona, wifi. Nilikuwa naweka maua."

Akanitazama, kisha kwa mara ya kwanza akacheka kidogo. Nikampa lile kopo la majani ya chai. Alilifungua, akamimina sindano kwenye kiganja, akazichagua moja moja. Nyingi zilikuwa zimeshika kutu. Nzuri zilikuwa tatu. Babu alikuwa ameshapiga magoti chini ya meza, anaangalia mkanda ule ameshika spana yake ya baiskeli, akamwuliza mama yake kama kuna waya.